Nimefunga

Fundi wa zipu alikuwa chumba cha mbele, ambacho mchana ni duka na usiku ni sebule, akibana zipu ya begi kwa koleo, mwanawe alipomwaga kopo zima la vichwa vya zipu sakafuni. Ilikuwa alasiri, Ramadhani ndiyo kwanza imeanza. Mtoto aliitwa Chiriku kwa sababu ya mdomo wake, na hata vile vichwa vikiwa bado vinabingirika aliendelea kusimulia jinsi mwalimu alivyokalia chaki.

Fundi alipandwa na hasira. Mwaka jana angemfokea, na kofi juu yake. Mwaka huu alikuwa amejiapia kwamba mtoto hatafokewa mwezi mzima, si na yeye, si na mtu mwingine. Kwa hiyo akafanya alivyofundishwa madrasa, kwamba mfungaji akichokozwa aseme tu, "Nimefunga."

Zipu zote za dukani zikajifunga. Suruali zilizotundikwa, mabegi, pochi, hata zile zilizoletwa kwa sababu zilikataa kufunga. Wateja walikuja jioni wakashukuru kwa kazi ya haraka.

Tangu siku hiyo, Chiriku akiacha bomba wazi, fundi alisema amefunga, na bomba likajifunga. Kabati na madirisha vivyo hivyo. Jirani mmoja alileta sanduku lililojaa kupita kiasi, akaomba afungiwe. Ilibidi kwanza amuudhi fundi, na hilo halikumpa taabu.

Mume wa fundi, mtunza bohari, naye alikuwa na neno hilohilo, ila yeye alilitumia kama kibali. Alirudi kazini, akavua viatu, na Chiriku akianza tu, "Baba, leo shuleni," alinguruma, "Nyamaza! Mimi nimefunga!" Hakuna kilichofunga hapo isipokuwa mtoto. Mama mkwe wa fundi, aliyeshinda kwenye kiti cha dirishani, alisema, "Mwacheni, saumu imempanda kichwani. Wanaume ndivyo walivyo." Nyumba nzima ilikuwa imefunga, ila saumu ilichagua kichwa kimoja tu cha kupanda.

Chiriku akaanza kujibu watu kwa kutikisa kichwa. Hilo lilimuuma fundi kuliko yote. Kelele za mwanawe alizizoea. Kimya chake kilimtia hofu.

Siku moja mtunza bohari alikuta kandambili za mtoto katikati ya mlango. Akafoka mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na mkono wake ukapanda. Fundi akaweka koleo chini.

"Mume wangu," alisema, "nimefunga."

Mdomo wa mtunza bohari ukajifunga, kuanzia kona hadi kona. Mkono ulibaki juu kidogo, kisha ukashuka, maana haukuwa na la kufanya bila maneno. Akakaa kwenye kochi. Chiriku alimsogelea akamsimulia kisa cha chaki, mwanzo hadi mwisho, halafu kingine.

Adhana ya magharibi ilipolia, mdomo ukafunguka. Mtunza bohari alikula tende, akanywa maji, kisha akayatoa maneno yote yaliyokuwa yamelala tumboni tangu alasiri. Fundi hakuweza kitu, kwa kuwa naye alikuwa ameshafuturu. Ikaendelea hivyo, mchana ni wa Chiriku na usiku ni wa baba yake. Mtoto akajizoeza kumaliza visa vyake kabla jua halijazama.

Mama mkwe akamwita shehe wa mtaa. Shehe aliutazama mdomo wa mtunza bohari kwa makini, akasema saumu yake haina dosari, na kwa kweli ni bora kuliko ya mwaka jana. Kuhusu mtoto hakuulizwa, wala hakusema.

"Mwombe radhi mumeo," mama mkwe alimwambia fundi shehe alipoondoka.

"Nimefunga, mama."

Mkoba wa mama mkwe ukajifunga, miwani yake ikiwa ndani.

Mwezi ulipoandama, mtunza bohari alisimama mlangoni akicheka. "Kesho Idi, bibie. Kufunga ni haramu."

"Kesho, sawa," fundi alisema. "Kesho kutwa naanza saumu sita za Shawali. Zikiisha, kuna Jumatatu na Alhamisi. Siku za Mungu haziishi, baba Chiriku."

Kesho kutwa yake, muda mfupi kabla ya adhuhuri, mtunza bohari alirudi kutafuta chakula cha mchana. Yeye alikuwa amemaliza deni lake na Mola. Jiko lilikuwa baridi. Chiriku alikuwa amekaa kizingitini, midomo imemkauka, kwa sababu alikuwa amekula daku na mama yake bila kumwambia mtu kwa nini.

"We mtoto umekaa njiani kama gogo, huna kazi?" baba alifoka, na mkono ukaanza safari.

Fundi alifungua kinywa, lakini alikuwa amechelewa.

"Baba," Chiriku alisema, "nimefunga."

Ilikuwa saumu ya watoto, ya nusu siku, na mdomo wa baba ukajifunga nusu, kutoka kona ya kushoto hadi katikati. Fundi aliukagua kwa jicho la kazi. Mshono ulikuwa umenyooka, na kwa mwanafunzi anayeanza hakuona cha kurekebisha. Mtunza bohari alijipapasa mdomo kwa mkono uleule, akavuta pumzi, akaendelea kufoka kwa ile nusu iliyobaki, na maneno yalikuwa yaleyale.