Mgongo Kwenye Picha

Claudette Pelletier alikuwa akipanga soksi za mumewe, Normand, kabatini alipoiona picha. Ilitoka kwenye kamera yao, ile inayotema picha papo hapo. Ilionyesha mgongo wa mwanamume asiye na shati, na ukuta wa njano wenye maua. Mgongo ni wa Normand. Ukuta ni wa jikoni kwa jirani yao Rita Sousa, mjane.

Kumbe ndiyo sababu filamu zilikuwa zikiisha bila mtu nyumbani kupigwa picha! Tena picha hizi hazipelekwi dukani kusafishwa, nani angejua? Claudette akaanza kunusa mashati ya mumewe.

Jumamosi Normand aliaga kwamba anakwenda kumtengenezea Rita bomba. Kamera nayo haikuwepo. Claudette alimfuata, akausukuma mlango wa nyuma bila kubisha.

Normand alikuwa kifua wazi. Rita ameshika kamera, na mezani picha mbichi inaanza kujitokeza.

"Endeleeni tu, maharusi!" Claudette alifoka. "Bomba gani linatengenezwa bila shati?"

"Mke wangu, sivyo unavyo..."

"Nyamaza! Na wewe Rita, kahawa yangu unakunywa kila siku!"

Rita alifungua droo, akatoa picha nyingine. Alizipanga zote mezani. "Tazama chini ya bega."

Kila picha ilikuwa na baka jeusi, na kando yake senti moja iliyobandikwa kupimia. Kwenye picha ya zamani, senti ililishinda baka kwa ukubwa. Kwenye ile mbichi, baka lilikuwa limeishinda senti.

"Marehemu wangu alianza hivi hivi," Rita alisema. "Nimembembeleza aende hospitali, ana kichwa kigumu. Labda wewe atakusikia."

"Tumemzika mama yako juzi tu," Normand alisema, macho chini. "Niliona nisikuongezee majonzi."

Claudette aliketi, akaivuta karibu ile picha mbichi.

Jumatatu alimpeleka hospitali mwenyewe. Walilikata baka, na daktari akasema saratani haijasambaa. Kidonda kilipopona, Claudette alimpelekea Rita pai ya nyama. Mlangoni akasita.

"Rita, niambie kweli. Hakukuwa na jambo lingine kati yenu?"

"Na mgongo wenye manyoya vile? Shoga, nilikuwa nafumba jicho!"

Claudette alicheka hadi machozi. Lakini kila Normand alipotaja bomba la jirani, naye alivaa koti, wakaenda wote.