Ngoma ya Malhaha

Mue alizaliwa Malhaha, upande wa kaskazini wa kisiwa chetu cha Rotuma, lakini alikulia Suva, mji mkuu wa Fiji, ambako wengi wetu tumehamia kufuata shule na kazi. Alipoombwa awafundishe ngoma vijana wa kanisani, alimpigia simu shangazi yake, Vamarasi, aliyebaki kijijini.

"Malhaha hatuinui mikono kupita mabega," shangazi alimwambia. "Hao wanaopunga kama wanafukuza nzi ni wa wilaya ya Noa'tau."

Mue alicheka. Lakini vijana wake walitoka wilaya zote, na kwenye tamasha walipewa muda mfupi jukwaani. Akakata beti zinazotaja visima na miamba ya Malhaha, akaharakisha mapigo, akaipandisha mikono ili watu wa nyuma waone. Ukumbi mzima ulisimama kushangilia. Video ikasambaa hadi kwa jamaa zetu wa Sydney.

Miaka ilipita. Mue akapanda meli kwenda harusini Malhaha. Baada ya chakula, wazee walipoanza kulipiga rundo la mikeka kwa fimbo kutoa mapigo ya ngoma, alisogea mbele. Wasichana wa kijiji wakatokea mbiombio, mikono juu. Ilikuwa ngoma yake, pamoja na ule mgeuko wa mwili alioubuni kwa sababu jukwaa la Suva lilikuwa jembamba. Shangazi yake alikuwa mstari wa nyuma, akipunga na wenzake.

"Shangazi, ile yetu iko wapi?" alimuuliza baadaye.

"Si hii? Watoto waliiona kwenye simu, wakaipenda. Ulitaka mimi nibaki nyumbani nicheze na kuku?"

"Nionyeshe ile ya zamani. Kidogo tu."

Vamarasi akasimama nyuma ya jiko, akaanza kuimba. Ubeti wa kwanza ulikuja vizuri. Kwenye wa pili mikono ikapanda yenyewe. Akaishusha, akaanza upya, ikapanda tena. Akacheka, kisha akaishusha.

"Niliokuwa nikisimama nao wote wamekufa, mwanangu. Nilikuwa nawatazama wao, ndipo najua mguu unaofuata."

Wasichana wakaja mbio, wakang'ang'ania kupiga picha naye.

"Dada, kumbe ndiwe wa kwenye video!"

Wakamvuta katikati yao, wakamwambia atabasamu, akatabasamu.