Mvumo wa Gurudumu la Kushoto

Mume wangu alikuwa fundi wa magari, na watu walimwita Dokta. Jina hilo alilipata kwa sababu ya bisibisi ndefu. Gari likiletwa linagonga au linakoroma, aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini akaubana sikioni, akafumba macho. Punde si punde alikwambia ni valvu gani imelegea. Wateja walipenda kumtania. "Dokta, mgonjwa wangu leo anakohoa." Naye alijibu bila hata kutabasamu, "Basi alazwe."

Miaka kumi na tisa nilifanya naye kazi katika karakana yetu ya mabati. Nilitunza vipuri, nilipokea wateja, na breki zikihitaji kutolewa upepo mimi ndiye niliyekaa kwenye usukani na kukanyaga pedali, yeye akiwa chini ya gari akifungua na kufunga nati. Kwa hiyo mimi ndiye wa kwanza kujua kwamba masikio yake yanamtupa mkono.

Mwanzoni nilidhani ni jeuri tu. Nilimwita hakuitika, nikanuna. Kisha siku moja aliingia kwenye gari la mteja ambalo injini yake ilikuwa tayari inazunguka, akageuza ufunguo kuliwasha tena. Stata ilisaga meno mpaka mwenye gari akaruka. Mume wangu akacheka, akasema ana mawazo mengi. Mteja alipoondoka nilimwambia aende hospitali akapimwe. Alinitazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake.

"Nikishapimwa, halafu? Nani ataleta gari lake kwa fundi kiziwi?"

Sikuligusa tena jambo hilo. Nikajifunza kumzibia pengo kimyakimya. Mteja akieleza shida ya gari lake, niliyarudia maneno yake kwa sauti, kana kwamba nataka kuhakikisha nimeelewa. Hakuna aliyeshtuka.

Wifi yangu, mdogo wa pekee wa mume wangu, alikuwa mkunga na mjane. Gari aliachiwa na marehemu mumewe. Lilikuwa na miaka ishirini na sita, jeupe lililogeuka rangi ya uji, na mlango mmoja ulifunguka kwa nje tu. Alilitumia kuzungukia zahanati tatu zilizoachana mbali. Asubuhi moja alilileta likifuka mvuke.

"Limechemsha mara mbili wiki hii, kaka. Mshale wa joto unapanda mpaka juu kabisa."

Kwa macho na mikono mume wangu alikuwa bado fundi hasa. Alikuta bomba la chini la rejeta limepasuka ufa mwembamba kama unywele. Akachomoa thamostati, kizibo kinachopaswa kufunguka maji yakipata moto, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka tuone kama itafunguka. Haikufunguka. Akabadilisha vyote viwili. Pedali ya breki ilikuwa imelegea, inazama kama unakanyaga godoro, tukatoa upepo mpaka ikasimama imara. Kazi safi.

Ndipo wifi akasema, "Kuna kitu kingine. Kuna mvumo kule mbele. Nikiongeza mwendo nao unakua. Nikikata kona ya kulia unapanda, nikikata ya kushoto unapungua."

Aliyeishi karakana hahitaji kuambiwa zaidi ya hapo: ni beringi, ile inayolishika gurudumu lizunguke, inakufa. Niliyarudia maneno yale kwa sauti, neno kwa neno. Nadhani mume wangu aliyapata, lakini alitaka kujihakikishia mwenyewe.

"Twende tukalijaribu," akasema.

Yeye aliendesha, wifi akakaa pembeni yake, mimi kiti cha nyuma. Tulipofika kwenye barabara iliyonyooka, mvumo ukaja. Ulikuwa kama mashine ya kusaga inayofanya kazi nyumba ya pili, na niliusikia hadi kwenye nyayo zangu. Kona ya kulia ukapanda. Kona ya kushoto ukashuka. Ulitoka gurudumu la mbele kushoto, sikuwa na shaka hata chembe. Nikamtazama mume wangu kwenye kioo. Aliinamisha kichwa, akabana midomo, akasubiri. Nilijua hasikii kitu.

Alisimamisha gari, akashuka, akapapasa tairi kwa kiganja.

"Ni matairi haya. Yameliwa upande mmoja, na tairi likiliwa hivi lazima livume. Utayabadilisha ukijaliwa."

"Una hakika, kaka?"

"Nimeanza kusikiliza magari wewe bado unacheza vumbini."

Wifi akacheka. Kisha akageuka, akaniangalia mimi.

"Kaka yako hakosei," nikasema.

Nilijiambia nitamweleza tukiwa wawili, nisimvue nguo mbele ya mdogo wake. Lakini tulipofika nyumbani alikuwa mchangamfu kuliko siku zote, ananawa mikono huku anaimba, kwa kuwa aliamini amelipatia gari lile. Nikasema kesho. Kesho nikasema kesho tena. Zikapita siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, wifi alikuwa anateremka mlima kutoka zahanati ya pili. Gurudumu la mbele kushoto likang'oka. Gari liliingia mtaroni, likabiringika, likamlalia mguu. Hospitali waliukata juu ya goti. Askari wa barabarani waliandika kwamba alikuwa anaendesha kwa mwendo wa kasi.

Mume wangu alikwenda kuliona gari kwenye uwanja wa kituo cha polisi, nami nikamfuata. Alipiga magoti, akaingiza kidole pale gurudumu lilipokuwa. Beringi ilikuwa imegeuka bluu kwa joto, gololi zake zimesagika, grisi imeungua ikawa masizi. Akafuta kidole kwenye suruali, akafuta tena.

"Hii haikufa siku moja," akasema. "Ningeliinua tu kwa jeki nikalitikisa gurudumu kwa mikono. Dakika moja. Ningejua."

Akainuka, akaingia ndani, akamweleza askari ukweli wote. Askari aliandika bila kuinua macho.

Kutoka hapo tulikwenda moja kwa moja wodini. Mume wangu alisimama mwisho wa kitanda, hakuthubutu kukaa.

"Mdogo wangu, hayakuwa matairi. Ilikuwa beringi. Masikio yangu hayafanyi kazi, huu mwaka wa pili. Sikusikia kitu siku ile. Nilikudanganya."

Wifi alinigeukia mimi, akaniuliza kwa sauti ndogo ya mtu aliyechoka, "Na wewe, wifi? Ulikuwa kiti cha nyuma. Ulisikia?"

"Nilisikia," nikasema, kwa sauti ndogo kama yake.

"Anasema nini?" mume wangu akauliza. Akanitazama mimi. "Anasema nini?"

Ningeweza kumpa jibu lolote. Nilipaza sauti wodi nzima ikasikia.

"Anauliza kama nilisikia! Nilisikia! Nilijua ni beringi!"

Mama wa kitanda cha jirani aliacha kumlisha mwanawe. Muuguzi akachungulia mlangoni. Mume wangu alitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Ukanyamaza," akasema.

"Nilikuwa nakusitiri!"

"Mmesitiriana vizuri, nyie wawili," wifi akasema. "Sasa tokeni."

Karakana tuliifunga wiki ile ile. Daktari wa masikio alisema mishipa imekufa, hakuna dawa. Mume wangu sasa anafyatua matofali kwa mtu, anarudi amepauka mwili mzima, tunazungumza yale ya lazima tu: maji yamekatika, mlango umefungwa. Hajaniuliza kwa nini nilinyamaza. Amekwenda kwa mdogo wake mara tatu, na mara tatu mlango haukufunguliwa.

Mimi naenda kwake kila Ijumaa na kikapu cha chakula. Miezi saba wifi alipokea kikapu mlangoni na kunirudishia kitupu cha wiki iliyopita. Ijumaa iliyopita alisogea nipite. Mguu wa bandia ulikuwa umemchubua, akanionyesha jinsi ya kusafisha kidonda na kukifunga, kwa sauti ile anayowafundishia wauguzi wapya. Nilifunga. Alikagua, akafungua, akaniambia nirudie. Nikarudia. Hakumtaja kaka yake. Nilipomaliza akaniambia niondoke, mvua inakuja.