Mashallah Iliyochelewa

Mdomo ulikuwa umemponza Kaltun tena. Muuza maziwa ya ngamia huyu wa sokoni Garissa alijua kila nyumba imepika nini, na habari ya mtoto mchanga hakungoja kuletewa, aliifuata mwenyewe. Ndivyo alivyoingia kwa Weris, aliyekuwa ndani na arobaini yake ya uzazi: chumba kimejaa wanawake, madirisha yamefungwa, ubani unafuka. Akamnyanyua Bulle, mtoto wa kiume wa kwanza baada ya wasichana watupu, akasema kwa sauti ya sokoni, "Wallahi, huyu kanona kama ndama wa mvua!"

Kisha akageukia chai. Mashallah, ya kumkinga mtoto na jicho baya, akaisahau. Chumba kizima kiliisikia ile Mashallah isiyosemwa.

Sasa Bulle alikuwa hospitalini, macho ya manjano kama bizari, mkojo mweusi kama chai ya turungi. Sokoni wateja walipita mbele ya Kaltun kama hawamwoni. "Jicho lake lina meno," walinong'ona. Kaltun alivumilia mpaka maziwa yakaganda, akajifunga ushungi, akaenda wodini.

Mlangoni akakutana na mama yake Weris, Faay, ambaye mtaa mzima humwita Ayeyo, yaani bibi.

"Umekuja kumalizia?"

"Nimekuja na Mashallah yangu, Ayeyo. Imechelewa, lakini nimeileta."

Weris, kando ya kitanda cha mwanawe, alicheka na kulia kwa pamoja. "Hooyo," akamwambia mama yake, "mwache aingie."

Ndani, daktari Fartun alikuwa akirudia swali lilelile. "Chembe za damu yake zinapasuka. Kuna kitu kimeichokoza. Mmempa dawa? Mmempaka nini?"

"Mafuta ya simsim tu," Ayeyo akajibu. "Kama wote tuliowalea."

Kaltun alimwinamia Bulle, aliyefungwa shali. Pua yake haijawahi kukosa mchuzi wa jirani. "Mbona ananuka sanduku?"

"Sanduku gani?" daktari akageuka.

"La Ayeyo! Sanduku la nguo. Siku ya Idi akipita, nondo wanahamia Dadaab. Si anaweka vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo? Na hii shali imetoka humo humo."

Daktari hakucheka. Alimvua Bulle shali, akaitia kwenye mfuko, akaufunga. "Vidonge vile hutoa mvuke. Wengi wetu damu yetu huuhimili. Lakini kuna wanaozaliwa na damu yenye kinga kidogo, hasa wavulana, na hawajui mpaka kitu kama hiki kiwaguse. Nafikiri Bulle ni mmoja wao, tutapima. Tena ngozi ina mafuta, na mafuta huukaribisha ndani. Chumba kimefungwa, joto hili letu, na mwili wenyewe mdogo kama njiwa."

"Lakini wanangu wote nimewafunga shali hii! Na dada zake. Hakuna aliyepiga hata chafya."

"Najua, Ayeyo. Shali ni ileile. Damu ndiyo nyingine."

Ayeyo akaketi sakafuni pu. "Basi ni mimi."

Hapo Kaltun alikuwa na neno, tamu, la kulisha soko mwezi mzima: aliyeniita jicho ndiye mwenye sumu. Lilimfika kwenye ulimi. Akaviona vidole vya yule mzee, hina imefifia, vinatafuta tasbihi na haviipati. Akaketi kando yake.

"Ungejuaje, Ayeyo? Hata mimi nilimbeba nikainusa harufu hiyo, nikasema hii nyumba ni safi."

Kipimo kikaonyesha daktari hakukosea. Bulle akaongezwa damu, akalazwa chini ya taa ya buluu ya kuondoa manjano, macho yamezibwa kitambaa. Taratibu yakarudi meupe.

Sokoni wakamzingira Kaltun. "Eti jicho lako limemwachilia?"

"Jicho langu halikuwepo. Ni vidonge vya nondo."

"Nani aliviweka?"

Kaltun akalimeza lile neno zuri, likapita kwa shida kama mfupa. "Kila nyumba inavyo. Wewe unavyo. Nenda kawatolee watoto nguo zao, ufue, uanike juani. Majina utaniuliza ukirudi."

Siku Weris alipotoka arobaini, nyumba ilifurika mpaka uani, madirisha wazi. Ayeyo akapenya katikati ya wanawake, akamweka Bulle mapajani mwa Kaltun.

"Haya, iseme."

Kaltun akaisema, akairudia, akaipaza mpaka watoto wa barabarani wakaitikia, na Bulle akaanza kulia kwa kelele.

"Inatosha, Kaltun," Ayeyo akasema. "Imefika."