Kofi la Mpakiaji

Kikosi kile cha ndege za mizigo kilianza na magunia ya mahindi, na laiti kingebaki na magunia yake! Enzi hizo kilipeleka chakula kwenye njaa na mafuriko, na watoto walikimbilia ndege zake wakipunga mikono. Kisha wakubwa wakang'amua kwamba ndege inayotua kwenye udongo inaweza pia kushusha watu wasiotaka kuonekana. Madirisha yakapakwa rangi nyeusi. Namba za mkiani zikafutwa. Ndege mbili zilienda kwenye hizo zinazoitwa kazi maalumu zisirudi, na wajane wakaambiwa hali ya hewa ilichafuka. Hali ya hewa, haya bwana.

Jambo moja tu halikubadilika. Tangu ndege moja izidiwe na mzigo na kuishia korongoni, rubani hakuruhusiwa kuwasha injini mpaka mpakiaji mkuu apige kofi ubavuni mwa ndege. Kofi lilisema neno moja: uzito uko sawa. Hata jenerali alilisubiri.

Mpakiaji mkuu sasa alikuwa mwanamke waliyemwita Mizani, mkali kama pilipili. Rubani alikuwa mdogo wake, kitinda mimba, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Mpaka leo alimkagua kola kana kwamba anampeleka shule.

Alasiri hiyo waliletwa abiria waliovaa kiraia, wakaketi kimya bila kutazamana. Yakafuata masanduku yaliyofunikwa maturubai. Mizani akachuchumaa kando ya tairi, akaibonyeza kwa kidole gumba, akainuka.

"Afande, masanduku haya nani kayapima?"

"Yamepimwa yalikotoka," alijibu kamanda. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, hajawahi kumfokea mtu.

"Yalipimwa kwa macho basi! Tairi zimebonyea mpaka zinaomba radhi. Ndege hii haipai."

Rubani akacheka. "Dada, wewe hata ungo ungesema umezidi uzito."

"Nyamaza wewe. Sipigi kofi."

Mizani akakunja mikono kifuani, kwa maana alijua fika: asiyeruka hafi. Kama masanduku hayatashuka, mdogo wake atalala nyumbani leo.

Kamanda hakukasirika, na hapo ndipo Mizani alipaswa kuogopa. Aliitikia kwa kichwa taratibu. "Uko sahihi. Usalama kwanza. Tupunguze uzito."

Akanyoosha kidole. Lori la mafuta likarudi nyuma hadi chini ya bawa, wakaunganisha mpira, na pampu ikaanza kunyonya.

Mizani hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alikimbia mpaka kwa kamanda. "Afande! Hayo ni mafuta ya kurudia!"

"Masanduku lazima yafike. Abiria lazima wafike."

"Na huko hakuna mafuta! Atarudije?"

"Uliniuliza uzito, nami nimekujibu uzito. Kurudi si kazi ya mizani."

Mizani alimgeukia mdogo wake. Rubani alikuwa ameshaona lori, na kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Kataa," Mizani alimnong'oneza. "Sema unaumwa. Sema lolote, baba."

"Nikikataa atapelekwa mwenzangu, na mkewe ana mimba changa. Nitamtazamaje?" Akamshika bega. "Tairi zinasemaje sasa, dada?"

Mizani akatazama. Alitamani macho yake yadanganye. Tairi zilikuwa zimeinuka, duara safi.

"Ziko sawa," akasema, na sauti haikuwa yake.

"Basi piga. Ukigoma wataleta asiyejua kitu, na huyo ataacha masanduku yaongezwe. Kwa mkono wako angalau nitapaa."

Mizani alimtengeneza kola, ingawa haikuwa imekunjika. Akapiga. Kiganja kikamwasha mpaka kiwiko.

Injini zikanguruma, vumbi likatanda, ndege ikakimbia na kuacha ardhi mapema, nyepesi, bila kusitasita, mpaka mafundi wa hangari wakapiga makofi. Kamanda akaja kusimama kando yake, mikono nyuma.

"Umeona?" alisema kwa upole. "Kesho nitakuhitaji tena. Iko nyingine."