Watu wa Mbali

Miaka tisa nawapima watu virusi vya Ukimwi, na majirani zangu niliowahi kuwapima ni wawili tu, tena wote wawili walikosea mlango wakimtafuta daktari wa meno. Msicheke. Zahanati yetu iko njia panda, lakini watu wa hapa wakitaka kupimwa hupanda gari kwenda mji wa pili, na wa mji wa pili wanakuja kwangu. Tunapishana njiani, kila mtu anayakimbia macho ya shangazi yake. Jina siulizi, nampa mtu namba, ndiyo maana mtaani naitwa Mama Namba.

Chanzo cha ugonjwa wote huu ni barabara inayojengwa, na hilo nitalisema mpaka nizikwe. Wamejenga kambi za vibarua kila baada ya kilomita kadhaa: wanaume mia nne, mabanda ya bati, likizo mara moja kwa mwaka, na chumba cha mume na mke hakuna hata kimoja. Halafu wakubwa wanashuka kwenye magari yao yenye viyoyozi kuniuliza mbona idadi ya wenye virusi inapanda. Niliwajibu kwamba ukimfunga mbuzi katikati ya shamba, usiulize mahindi kayala nani. Wakaniletea barua ya onyo.

Basi Jumatatu moja asubuhi nikaita namba kumi na saba, akaingia shemeji yangu.

Mume wa mdogo wangu, kitinda mimba wetu, niliyemlea mwenyewe tangu mama alipofariki. Shemeji alikuwa kibarua kwenye kambi ya mbali, na lori la kambi yao huja kwetu kila Jumatatu kuchukua lami. Alikuwa ameambiwa na mkewe kwamba niko likizo. Hakujua kuwa likizo yenyewe ilikatwa juzi yake kwa sababu mwenzangu aliugua. Alitaka kurudi alikotoka, nikamwambia afunge mlango akae.

Mstari mmoja kwenye kipimo, uko salama. Miwili, una virusi. Yake ilitokea miwili kabla hata sijamaliza kumuuliza hali ya nyumbani.

"Shemeji," akasema, "nakuomba mdogo wako asijue."

Ningeweza kumzaba kofi. Lakini kisemwacho mle chumbani hakitoki. Nimeapa, nimetia saini, na wengine nimewafundisha mimi. Nikamsihi amlete mkewe tuwapime pamoja, akakubali haraka haraka, kama mtu anayetaka kuondoka. Nikamwambia dawa achukulie zahanati ya kwao milimani, ili hata akirudi nyumbani asizikose. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. Mtoa dawa wa kule ni mama yake mdogo, na benchi la wanaochukua dawa hizo linatazamana na soko, siku ni Alhamisi, na kijiji kizima kinajua anayekaa pale Alhamisi anaumwa nini. Sikuweza kumlaumu sana. Mimi mwenyewe mara ya mwisho nilipimwa mji wa pili.

Kwa hiyo akawa anadandia lori la lami. Akikosa lori, amekosa dawa. Ilipofika masika kazi ikasimama, vibarua wakarudishwa makwao. Barabara yote hiyo waliyoitolea jasho inaishia mbali na milima ya kwao, na daraja la miti lililo mbele yake likachukuliwa na maji. Mwezi ukaisha, wa pili, wa tatu, namba kumi na saba hakuonekana. Nikampigia simu. Akasema dawa zimekwisha zamani, atakuja maji yakipungua. Nikamwambia basi angalau atumie kondomu. Akacheka kwa uchungu, akaniuliza mwanamume anayetoa kondomu ndani ya nyumba yake anajibu nini akiulizwa imetoka wapi.

Mimi nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani: mdogo wangu apimwe angali mzima. Nikawa nampigia kila Jumapili. Nikazunguka mbuyu weee, nikamwambia siku hizi kila mtu anapima, ni kama kupima presha. Akasema kazi imenipanda kichwani. Yeye mume anaye mmoja, maradhi ayatoe wapi? Tena alikuwa na furaha, maskini. Mvua ile iliyovunja daraja ndiyo iliyomrudishia mume wake, alikuwa hajawahi kukaa naye miezi mitatu mfululizo tangu waoane.

Jumapili moja mdomo uliniwasha mpaka nikasema, "Mdogo wangu, nisikilize." Akasema ananisikiliza. Nikamsikia anapumua, anasubiri. Nikamuuliza kama mahindi yameota vizuri. Nilipokata simu nilikaa chini sakafuni nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua nimwelekezee nani.

Maji yalipopungua aliyekuja hakuwa yeye. Niliita namba nne, akaingia mdogo wangu, viatu vimejaa tope, tumbo la miezi minne limeanza kutokeza. Alikuwa amesafiri siku mbili. Kliniki ya wajawazito kule kwao walimwambia apimwe, akaona mpimaji ni mama mkwe wake mdogo, yule yule mtoa dawa, akasema atarudi kesho, na kesho yake akapanda gari kuja kwangu. Alikuwa anatabasamu. Aliniambia nimechongoka mashavu, nile.

Hapakuwa na mwenzangu wa kumwachia. Nikamtoboa kidole mara mbili ndipo damu ikatoka, yeye akanitania kwamba nimezeeka. Tukasubiri pamoja. Ikatokea miwili.

Nikamwambia yote ninayowaambia watu: dawa zipo, akianza leo mtoto anaweza kuzaliwa salama, na yeye ataishi. Ni kweli yote. Hakulia. Alianza kuhesabu miaka yake kwenye vidole, akiitafuta siku aliyokosea. Mwishowe akaipata: jino aling'oa kwa mganga wa mtaani kabla hajaolewa, hakuona kama koleo lilichemshwa. Nikamwambia si jino. Akaniuliza nimejuaje. Nikainama kuandika namba yake kwenye daftari.

"Ni jino, dada. Mimi ndiye niliyemletea," akasema. "Mwanamume wa watu hana kosa lolote."

Nikamshika mikono.

"Wewe anakuheshimu sana," akasema. "Twende wote nyumbani ukaniombee msamaha kwake."

Nikamwambia nitakwenda.