Karibu Tena

Babu alimuuzia fundi cherehani jeneza la mtoto, akapokea hela, akamwambia, "Karibu tena." Haikupita wiki, mke wa yule fundi naye akafa.

Babu hakuwa na nia mbaya. Alishawahi kuwa na genge la mboga, likafa. Akafungua mgahawa, nao ukafa. Kote huko aliwaaga wateja kwa maneno hayo. Majeneza aliyaanza kwa sababu, alisema, hiyo ndiyo bidhaa pekee isiyododa. Yeye, Bibi na watoto walilala chumba cha nyuma ya karakana, vumbi la mbao likiingia hadi kwenye chumvi.

Jeneza la mke, fundi alilinunua kwa seremala wa mtaa wa chini. Baada ya mazishi akaja kwa Babu, akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Mzee, uliniambia karibu tena."

"Mwanangu, nisamehe bure. Ulimi hauna mfupa."

"Wako una msumari."

Akaondoka. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Wateja wakakatika. Watoto wakipita nje wanaimba, "Karibu Tena, nani zamu yake?"

Bibi akamwambia, "Baba watoto, nenda kwake ukaombe radhi mbele ya watu. Mlangoni hukuomba, ulijitetea."

"Nikienda mbele ya watu nimekiri uchawi."

"Na usipokwenda?"

"Watasahau. Watu hawaachi kufa."

Kweli hawakuacha, ila walizikwa kwa mbao za mtaa wa chini. Babu akageuza mbao zake kuwa vitanda. Vilikuwa vitanda vizuri, miguu imenyooka, havilii. Bibi alivitazama akacheka, kicheko kibaya.

"Nani atakubali kulala kwenye mbao zako? Nenda kwa yule kijana, mume wangu. Nakuomba."

Hakwenda. Mwaka uliofuata fundi alihama mji, na wa kuombwa radhi hakuwepo tena.

Karakana ilichukuliwa na mwenye nyumba. Randa na misumeno alivinunua seremala wa mtaa wa chini, kwa bei aliyotaka yeye. Baba yangu alitolewa shule darasa la nne, akaenda kubeba matofali. Bibi alirudi kwao na shangazi mgongoni, na huko ndiko alikozikwa. Vile vitanda Babu alivipasua kimoja kimoja, akavipikia.